Polisi na Watu Wenye Mahitaji Maalumu katika Nchi ya Kisii na Nyamira: Habari za Tangu 1907

Hesabu za fedha na habari za mikutano zimewekwa mahali pake katika kitabu hiki. Hapa twaomba ruhusa ya wazee wetu na ndugu wanachama, tusimulie jambo la historia ambalo halijafika mwisho wake. Twataka kueleza jinsi polisi walivyoingia katika nchi yetu, na jinsi kazi yao ilivyowagusa wale ambao leo twawaita watu wenye mahitaji maalumu: wasioona, viziwi, waliopooza viungo, wenye kifafa, wagonjwa wa akili, na wazee waliopotewa na kumbukumbu. Kisha tutasema ni kwa namna gani polisi wangeweza kuwatumikia vema zaidi, na ni sehemu gani ya kazi hiyo iliyo juu yetu wenyewe.

Sababu ya kulichagua jambo hili ni vifo. Mwezi wa Mei 2008, wazee 11, wanawake 8 na wanaume 3, waliuawa kwa moto katika vijiji vya Kisii kwa kuambiwa kuwa ni wachawi. Mwezi wa Oktoba 2021, akina mama wanne wakauawa kwa neno hilo hilo upande wa Marani. Habari hizi zilisomwa duniani kote, na jina la nchi yetu likatajwa pamoja nazo. Ni habari chungu kusomwa katika kitabu cha chama, lakini chama cha ustawi kisichotaja vifo vya wazee wake chajidanganya.

Katika kuyachungua mambo ya zamani, tumeona neno moja likijirudia katika kila zama. Kituo cha polisi hakimjui mtu. Kijiji chamjua, lakini hakisemi. Mtu dhaifu hupotelea hapo katikati. Waswahili husema, asiyekujua hakuthamini. Tutayafuata mambo kwa taratibu ya miaka ili neno hili lionekane wazi.

Kabla ya kuwapo kituo

Kabla ya serikali ya Kizungu, Abagusii hawakuwa na polisi. Kila boma lilikuwa na mwenyewe, na magomvi ya majirani yaliamuliwa na wazee katika baraza lao, etureti. Katika utaratibu ule mtu alijulikana kwa ukoo wake, kwa mama yake, na kwa hali yake. Asiyeona aliongozwa na mtoto, na watu wa njiani wakamjua kwa jina. Kiziwi alikuwa na ishara zake za nyumbani, na jamaa walizielewa. Aliyeshikwa na wazimu alitunzwa na ndugu zake, nao wakaenda kumwuliza mwaguzi, omoragori, sababu ya maradhi.

Lakini haifai kuzisifu siku zile kupita kiasi. Kujulikana na watu kulikuwa ngao, na pia kulikuwa hatari. Wazee wanajua yaliyosimuliwa juu ya omorogi, yaani mchawi: kwamba hutembea usiku, yu uchi, na huchukua chungu chenye moto unaoonekana na kutoweka. Aliyesingiziwa jambo hilo hakuwa na mahali pengi pa kukimbilia. Baraza la wazee lilikuwa na hekima nyingi, lakini mbele ya hofu ya uchawi hekima hiyo mara nyingi ilinyamaza. Hili tulikumbuke, kwa maana tutalirudia.

Polisi wa kwanza

Polisi walifika kwetu pamoja na jeshi. Mwaka 1905 serikali ilipeleka kikosi kuwapiga watu wa Kitutu. Katika kikosi hicho walikuwamo askari wa K.A.R. na askari polisi, na afisa mmoja wa polisi hao, W. Robert Foran, baadaye aliandika kitabu cha historia ya polisi wa Kenya. Mwaka 1907 kituo cha serikali kilifunguliwa mahali ambapo leo ni mji wa Kisii, chini ya Bwana G. A. S. Northcote, ambaye watu wetu walimwita Nyarigoti. Mwezi wa Januari 1908, Otenyo, kijana wa jamaa ya Moraa mwaguzi, alimchoma Nyarigoti mkuki. Bwana huyo hakufa, lakini jeshi likaja kwa mara ya pili, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa, na watu wengi wakauawa.

Hatuyasimulii haya kwa kufufua chuki. Twayasimulia kwa kuwa yaonyesha askari wale waliwekwa kwa kazi gani. Kazi yao ilikuwa kuilinda serikali na watu wa nchi, si kuwalinda watu wa nchi. Walisimamia amani kama serikali ilivyoiona, walisaidia kukusanya kodi ya nyumba, na baada ya Vita Kuu ya kwanza walikagua vipande shingoni mwa wanaume. Wengi wa askari wa mwanzo hawakuwa watu wa huku. Walisema Kiswahili au Kinubi, na hata leo katika mji wa Kisii wako Wanubi ambao asili yao ni askari wa zamani.

Sasa tufikiri hali ya kiziwi mbele ya askari wa namna hiyo. Askari asema, "Simama!" Kiziwi haendi kinyume cha amri, hakuisikia. Askari auliza jina kwa Kiswahili. Mtu mwenye ulimi mzito ajibu kwa sauti isiyoeleweka, naye adhaniwa ni mlevi au mkaidi. Jirani yake angeweza kueleza kwa neno moja, lakini jirani amwogopa askari naye ajificha. Ndipo lilipoanza lile pengo tulilolitaja: kituo hakijui, na kijiji hakisemi.

Mwaka 1929 serikali ilitunga sheria ya polisi wa kikabila, ambao walikuwa chini ya Bwana D.C. na machifu. Hao waliandikwa kutoka wilaya zenyewe, nao walijua lugha na nyumba za watu. Mwaka 1958 wakaitwa Polisi wa Utawala, na baada ya uhuru wakawa kikosi cha taifa zima. Lilikuwa jambo jema kwa umoja wa nchi kwamba askari wa Pwani atumike Kisii na askari wa Kisii atumike Garissa. Hata hivyo, faida moja ilipungua, ile ya askari kumjua mama wa nyumba ya tatu kutoka mtoni.

Sheria mbili za zamani

Katika zama za ukoloni ziko sheria mbili zilizoacha alama mpaka leo.

Ya kwanza yahusu ugonjwa wa akili. Mwaka 1910 serikali ilifungua nyumba ya wagonjwa wa akili huko Nairobi, nayo mwaka 1924 ikapewa jina la Mathari. Kwa mtu wa Kisii mahali hapo palikuwa mbali, kwa njia ya Kisumu na gari la moshi, na kupelekwa huko kulihitaji amri za serikali. Watu wakazoea kuona kwamba maradhi ya akili ni jambo la askari na pingu kabla ya kuwa jambo la daktari. Mazoea hayo hayajatutoka. Hata sasa mgonjwa akivunja vyombo nyumbani, jamaa wengi hukimbilia kwa chifu au polisi kwanza, naye hulala korokoroni pamoja na wezi.

Ya pili ni Sheria ya Uchawi ya 1925. Sheria hiyo ilifanya kuwa kosa mtu kumshtaki mwenziwe kwamba ni mchawi. Lakini iliweka mlango mmoja: mashtaka hayo hayakuwa kosa yakipelekwa kwa D.C., kwa polisi, kwa chifu, au kwa mkubwa mwingine wa serikali. Kusudi, twadhani, lilikuwa kuyatoa mashtaka mikononi mwa umati na kuyaleta mbele ya serikali. Kwa njia hiyo polisi alifanywa mtu wa kusikiliza uvumi wa uchawi. Hakufundishwa afanye nini baada ya kuusikia. Mtu aliyetajwa kwenye uvumi huo alihitaji kulindwa tangu saa ile, wala sheria haikusema habari ya ulinzi wake.

Shule zaja, kituo chabaki nyuma

Baada ya Vita Kuu ya pili mambo yalianza kubadilika kwa upande wa elimu. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya wasioona huko Thika mwaka 1946. Mwaka 1956 kilianzishwa Chama cha Wasioona cha Kenya. Mwaka 1961 zikaanza shule za viziwi za Nyang'oma na Mumias, na mwaka 1963 shule ya wasioona ya Kibos karibu na Kisumu. Mwaka 1964 serikali ya uhuru iliunda kamati chini ya Bwana Ngala Mwendwa kuchungua matunzo ya walemavu, na mwaka 1968 serikali ikatoa waraka wa siasa yake juu ya jambo hilo.

Kazi hizo zilikuwa njema, nasi twawashukuru waliozifanya. Lakini zilihusu zaidi shule, ufundi na ajira. Mtoto kiziwi alifundishwa kusoma, kuandika na kusema kwa ishara. Alipokuwa mtu mzima akaibiwa ng'ombe wake, alifika kituoni akakuta hapana hata mmoja ajuaye lugha aliyofundishwa. Elimu ilimfungulia mdomo, na kituo hakikufunguliwa masikio.

Mwaka 1989 Nyamira ilitengwa na Kisii ikawa wilaya yake, na tangu 2013 sehemu hizo mbili ni kaunti. Hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha watu 1,266,860 katika Kisii na 605,576 katika Nyamira. Nchi ni ya vilima, mashamba yamegawanywa vipande vidogo, na ndugu hugombana kwa mipaka ya hatua tatu. Katika hali hiyo watu walilalamika kwamba polisi ni wachache na wako mbali, wakaunda ulinzi wao. Jina la Sungusungu, lililotoka Usukuma katika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, likaja kutumika kwetu. Mwanzo walikuwa vijana wa kulinda vijiji. Mwisho wengine wao wakawa waamuzi na wauaji. Mwaka 2010 serikali ililiandika jina hilo katika orodha ya makundi yaliyopigwa marufuku.

Funzo la jambo hili ni wazi. Mahali ambapo polisi hawaaminiwi, nguvu haikosi mwenyewe. Huokotwa na walio wengi na wenye misuli. Asiyeweza kukimbia, asiyeweza kujieleza, na asiyekumbuka alikokuwa jana, hao ndio wanaoumia kwanza.

Maradhi ya kusahau

Sasa twarudi kwa wazee waliochomwa. Wako wanaosema kwamba mambo yale ni ya uchawi na hayahusu habari ya watu wenye mahitaji maalumu. Sisi twaona yanahusu sana.

Madaktari wanajua ugonjwa wa ubongo unaowapata watu wengi katika uzee. Mtu husahau majina ya watoto wake. Huamka usiku akidhani ni mchana, akatoka nje. Hupotea njia ya nyumba aliyokaa miaka hamsini, akaingia katika ua wa jirani. Pengine huvua nguo asijue. Huongea na watu waliokwisha kufa. Haya yote ni dalili za maradhi, kama homa ilivyo dalili ya malaria. Lakini mtu aliyelelewa na hadithi za omorogi, akimkuta bibi kizee yu uchi mlangoni pake usiku wa manane, haoni mgonjwa. Aona kile alichosimuliwa utotoni.

Hatusemi kwamba kila aliyeuawa alikuwa na ugonjwa huo. Wengine walikuwa wazima kabisa wa akili, na kosa lao lilikuwa kuwa wajane wenye shamba ambalo mtu mwingine alilitamani. Lakini wote, wagonjwa na wazima, walikuwa katika hali moja: walikuwa wazee, hawana nguvu, na wakati wa hatari hapakuwa na mtu wa kusema kwa ajili yao. Mtu anayehitaji mwingine asimame badala yake ndiye hasa mwenye mahitaji maalumu.

Tena mauaji ya namna hii hayaanguki kama radi. Hutanguliwa na maneno. Mtoto hufariki, au kijana huugua, na jina la mtu hutajwa kisimani, kisha sokoni, kisha katika kilabu cha pombe. Mara nyingi kijiji kizima chajua siku nyingi mbele. Kituo ndicho hupata habari moshi ukiisha kupanda.

Sheria za leo

Mnamo tarehe 19 Mei 2008, katika mwezi ule ule wa mauaji tuliyoyataja, Kenya ilithibitisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu Wenye Ulemavu. Kifungu cha 13 cha mkataba huo chataka watu wa mahakama, polisi na magereza wafundishwe namna ya kuwapatia haki watu hao.

Katiba ya 2010 iliendelea mbele zaidi. Kifungu cha 54 chasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa, ya kuitwa kwa jina lisilomdhalilisha, ya kufika mahali pote pa watu wote, na ya kutumia lugha ya ishara, maandishi ya nukta nundu au njia nyingine imfaayo. Kifungu cha 49 chataka mtu aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 50 chamruhusu mshtakiwa kupata mkalimani bila malipo mahakamani, na chakubali msaidizi wa kumwezesha mlalamikaji au mshtakiwa kujieleza. Kifungu cha 244 chaagiza polisi wafundishwe kuziheshimu haki za binadamu na kujenga uhusiano mwema na wananchi. Mwaka 2011 ikatungwa Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, na ikaundwa mamlaka huru ya kusikiliza malalamiko juu ya polisi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, ambayo ilikataza jamaa kuwaficha watoto wao wenye ulemavu, ilifuatwa na sheria mpya mwaka 2025.

Kwa upande wa akili, sheria ya 1989 iliwapa polisi na machifu uwezo wa kumchukua mgonjwa aliye hatarini ili wamfikishe hospitali. Nayo ilirekebishwa mwaka 2022. Kadhalika, mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha sheria kilichomhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu ni kinyume cha Katiba. Kabla ya hapo mtu aliyeokolewa kutoka kamba aliweza kupelekwa kortini badala ya kwa daktari.

Basi sheria tunazo. Lakini karatasi iliyoandikwa Nairobi haimwambii askari wa zamu wa Keroka au Ogembo afanye nini saa nane za usiku.

Yawapasayo polisi

Kwa heshima yote kwa maafisa wanaotumika kwetu, tena katika kazi ngumu, twapendekeza mambo haya.

Kwanza, mtu yeyote afikapo au aletwapo kituoni, askari wa zamu ajiulize kabla ya kuandika neno: Je, huyu asikia? Aona? Aelewa ninachosema? Kisha jibu liandikwe katika kitabu cha matukio pamoja na shauri lenyewe. Mwenye kifafa anayeamka kutoka katika kuanguka kwake hufanana na mlevi wa chang'aa. Mwenye mtindio wa ubongo pia hudhaniwa hivyo kwa sababu ya ulimi na mwendo wake. Swali moja laweza kumwepusha na usiku wa korokoroni.

Pili, kila kituo kiwe na orodha ya wakalimani wa lugha ya ishara na simu zao, ibandikwe ukutani. Walimu wa shule za viziwi wapo katika nchi yetu, na si vigumu kuwafikia. Jamaa wa kiziwi asitumiwe siku zote kuwa mkalimani, maana yawezekana aliyemdhuru ni huyo huyo jamaa. Wasichana viziwi na wenye upungufu wa akili waliotendewa maovu nyumbani wamepata kunyamazishwa kwa njia hii. Vilevile kiziwi hawezi kupiga simu ya 999 akazungumza. Awekewe nambari ya kupokea ujumbe wa maandishi.

Tatu, asiyeona asinyang'anywe fimbo yake, wala aliyepooza kiti chake cha magurudumu. Hizo ndizo macho na miguu yao. Na kwa kuwa vituo vyetu vingi viko kwenye miteremko yenye matope wakati wa mvua, ijengwe njia ya kupandia isiyo na ngazi, hata kama ni ya kokoto na saruji kidogo.

Nne, mgonjwa wa akili apelekwe hospitali, si selini. Katika mji wa Memphis huko Marekani, polisi walimuua mgonjwa wa akili mwaka 1987. Mwaka uliofuata mji ule ulichagua askari wa kujitolea, ukawafundisha kwa saa 40 pamoja na madaktari na jamaa za wagonjwa, ili wao ndio waitwe jambo la namna hiyo litokeapo. Mfano huo ukafuatwa na miji mingi. Saa 40 ni kazi ya juma moja. Askari wawili wa kila kituo wangeweza kuipata katika hospitali yetu kuu ya Kisii.

Tano, na hili ndilo kubwa, uvumi wa uchawi upokewe kama habari ya mauaji yanayokuja. Askari asiulize kama uchawi upo au haupo. Hiyo si kazi yake. Aulize nani ametajwa, nani anamtaja, na mzee huyo yuko wapi usiku huu. Kutisha kuua ni kosa, na mwenye kutisha yafaa ahojiwe siku ile ile. Mzee aliyetajwa alindwe, na ikimpasa kuhama kwa muda, shamba lake liandikwe na lisiguswe, ili mwenye tamaa asipate kwa uvumi alichokosa kwa haki.

Yatupasayo sisi

Yaliyo juu ni ya polisi. Lakini historia tuliyoisimulia haituruhusu kunyoosha kidole upande mmoja. Katika miaka zaidi ya mia moja tumejizoeza kuwaficha askari mambo yetu. Zamani ilikuwa busara, kwa kuwa askari alitumwa kuchukua kodi na ng'ombe. Leo desturi ile ile ya kunyamaza yawaua mama zetu.

Kwa hiyo twawaomba wazee mambo manne. Mkuu mpya wa kituo akihamishiwa kwetu, wazee wa mahali wasingoje kuitwa. Waende kumsalimu, na pamoja na salamu wamweleze: katika kijiji hiki yuko kiziwi fulani, yuko bibi fulani asahauye njia, yuko kijana mwenye kifafa. Wakiletwa kwako, utuite. Kazi hii yaweza kufanywa pia kwa njia ya Nyumba Kumi, mpango ulioletwa na serikali mwaka 2013, maana watu wa nyumba kumi hawakosi kujuana.

La pili, mtu mwenye ulemavu asifichwe chumbani. Mtu asiyejulikana na majirani hawezi kulindwa na majirani. Lakini tunapomjulisha tumjulishe kwa heshima, na kwa idhini yake mwenyewe kama aweza kuitoa, wala tusitumie majina ya dharau ambayo wazee wetu waliyatumia bila kufikiri.

La tatu, katika mabaraza ya chifu, katika makanisa na katika mazishi, wazee wenyewe waseme kwamba kusahau kwa uzee ni maradhi. Neno hili likisemwa na daktari kijana, watu husikiliza. Likisemwa na mzee wa ukoo, watu huamini.

La nne, uovu ukitendeka, tutoe ushahidi. Umati hauna jina, lakini kila aliyekuwa ndani yake ana jina, na kijiji chalijua. Kesi nyingi hufa kwa kukosa mtu wa kusema, "Nilimwona."

Etureti ya zamani ilimjua kila mtu, lakini mbele ya neno la uchawi haikuwa na nguvu ya kumwokoa. Kituo cha 1907 kilikuwa na nguvu, lakini hakikumjua mtu. Leo vyote viwili vipo katika nchi moja, mwendo mfupi baina ya kimoja na kingine: wazee wenye kujua na askari wenye nguvu na sheria. Kilichobaki ni kwenda na kuonana. Tena tusidhani kwamba twawafanyia wengine hisani. Hujafa hujaumbika; na wengi wetu tunaosoma kitabu hiki, Mungu akitujalia umri, tutafika siku za kusahau njia ya nyumbani. Siku hiyo itatufaa sana kama jirani atakayetukuta usiku atatushika mkono, na askari atakayeitwa atatujua kwa jina.